Kompyuta ya Mtu Asiyecheza

3 Machi, Jumatatu. Mvua.

Nimeanza kuandika kwa sababu nisipoandika nitamtupia mtu randa.

Leo kaka ameniuliza, mbele ya mafundi wote, kama nataka kompyuta mpya ili nicheze michezo. Mimi! Mwanamke mwenye mvi, ambaye hata karata sijui zinashikwaje! Nilikuwa nimemwambia kwa adabu kabisa kwamba kompyuta yangu ya mpakato inakwama. Nikikizungusha chumba nilichochora ili nimwonyeshe mteja kabati kwa ubavu, picha inaganda, inaruka, inaganda tena. Nikamwambia tunahitaji yenye kadi ya picha iliyo bora, yaani kile kipande cha ndani kinachobeba kazi ya kuchora vitu kwenye kioo.

"Kadi hiyo si ndiyo wanayoililia watoto wa michezo ya magari na bunduki?" akasema. "Wewe humu karakanani unamwinda nani?"

Wakacheka. Domo, mpakaji vanishi wetu, ambaye jina hilo hakupewa bure, alicheka mpaka akaweka brashi chini.

Nikarudi mezani kwangu. Nikijibu nikiwa na hasira huwa nalia, na mimi kulia mbele ya Domo, ng'o.

5 Machi. Mvua. Mbao zimevimba, droo hazifungi, watu wamenuna. Hakuna cha kuandika.

8 Machi, Jumamosi. Jua la kudanganya, kisha mvua.

Karakana ni ya marehemu Baba. Alipofariki kaka akachukua msumeno, mimi nikaachiwa msasa, nikasugua mbao miaka na miaka mpaka kucha zikawa hazina umbo. Programu ya kuchora nilijifunza mwenyewe. Sasa mteja anaona jikoni kwake, anafungua makabati, anazunguka, kabla hata ubao mmoja haujakatwa. Tangu hapo hakuna aliyeturudishia kabati akisema halikuingia. Kaka anajitapa huko nje, "Kwetu unaona kwanza, ndipo unalipa." Lakini yeye mwenyewe hajawahi kukaa mezani kwangu akaangalia. Hata siku moja.

Leo amekuja mfamasia. Anafungua duka la dawa pale kona, anataka rafu hadi darini, kaunta, droo za dawa na kona ya kuzungumza na mgonjwa faraghani. Ni mama mkavu, haongei sana. Fundi wa kwanza alimtengenezea kaunta nzuri ajabu, ila mlango wa stoo ukawa haufunguki. Kwa hiyo sasa ametia nadhiri kwamba hakatiwi ubao mpaka atembee ndani ya duka lake kwenye mchoro, kuanzia mlangoni mpaka stoo.

Nikaanza kumtembeza. Tumefika katikati, kaka akawasha msumeno na kupiga kelele yake ya kila siku: "Chomoa!" Ndiyo sheria ya karakana tangu enzi za Baba. Msumeno wa meza ukiwaka, kila kitu kingine kitoke ukutani, maana unavuta umeme mpaka taa zinafifia, na siku moja uliiunguza redio ya Baba aliyoipenda kuliko sisi. Nikainuka, nikachomoa, nikakaa, nikaendelea kumtembeza mfamasia wangu. Hatukwenda mbali. Picha iliganda tukiwa tumeingia ndani ya ukuta.

"Mbona tumekwama ukutani?" akauliza.

Nilitamani ardhi ipasuke. Amesema atarudi mwisho wa mwezi ujao, akikuta bado tuko ukutani anakwenda karakana nyingine.

Alipoondoka kaka akasema kazi hii ikipotea, michoro atampa rafiki yake mwenye ofisi mjini, na mimi nitarudi kwenye msasa. "Msasa nao ni kazi," akasema.

Nani amesema si kazi? Niliufanya mimi, si yeye. Lakini meza ile niliitafuta kwa jasho langu, na kuachia siachii.

11 Machi, Jumanne. Mvua ya mawe.

Nimekwenda dukani kuuliza. Naandika yote ili nisije nikadhani nimeota.

Muuzaji: "Karibu mama. Unamnunulia kijana?"

"Najinunulia mwenyewe."

"Aa, hongera. Wewe unafanya kazi gani?"

"Nachora makabati."

"Kwa kompyuta?" Akanitazama kama niliyesema napika kwa cherehani. Kisha akanifungulia moja ambayo herufi zake zinawaka kijani, zambarau, nyekundu, kama ukumbi wa harusi. Akaniwashia mchezo wa mbio za magari. "Hii mama ni mnyama."

Nikamwambia sitafuti mnyama, natafuta kompyuta, na ningependa kujua kama programu yangu itakwenda bila kukwama. Programu gani, hakuuliza. Ninachora vyumba vya ukubwa gani, hakuuliza. Akaendelea kupiga kona na gari lake.

Mwenzake akaingilia kutoka upande wa pili. "Mama anacheza michezo?"

"Sichezi."

"Basi huhitaji kadi. Mtu asiyecheza hahitaji. Hiyo uliyonayo itakuwa na virusi tu."

Huyu naye hakuuliza kitu! Mmoja anasema nahitaji, mwingine anasema sihitaji, na wote wawili hawajui ninafanya nini. Ningekuwa kijana mwenye ndevu tatu ningeulizwa maswali mpaka nichoke. Nikawaambia ahsanteni, nikatoka. Nimerudi na hasira na viatu vilivyojaa maji.

12 Machi. Mama amesema Baba alichora kwa mkaa juu ya ubao na watu wanakulia kwenye meza zake mpaka leo. Ndiyo, Mama.

17 Machi, Jumatatu. Mvua.

Imeganda. Nikazima, nikawasha. Ikaenda vizuri kidogo. "Chomoa!" Ikaganda. Nimefuta programu, nimeiweka upya. Nimesafisha feni kwa brashi ya Domo. Nimesoma maelezo ya watu wanaojua: nusu wanasema asiyecheza hana haja ya kadi kubwa, nusu wanasema achoraye vyumba anaihitaji kuliko hata anayecheza. Cha ajabu, kadi niliyonayo ndiyo hiyo hiyo watengenezaji wa programu wanayoiomba. Kwa maandishi, inatosha. Kwa macho yangu, haitoshi. Basi maandishi yanadanganya, maana macho yangu ni mazima.

22 Machi, Jumamosi. Mvua, mchana kutwa.

Tumekula kwa Mama. Kaka akaanzisha mwenyewe. Akasema ana nafasi ya kununua kitu kimoja tu msimu huu, na randa ya umeme imechoka, inararua mbao badala ya kuzilainisha. "Sasa nichague. Randa inayotulisha wote, au kompyuta ya kuchezea?"

"Ya kuchorea!"

"Ya kuchorea si unayo? Inawaka, inazima, unataka nini tena? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mdogo wangu."

"Na mkuu asiyesikia je, yeye huvunjika nini?"

Mama akapiga meza kwa kijiko. "Mezani kwangu hakuna mtu atakayevunjika kitu. Kuleni." Tukala. Chakula kilinishuka kama vumbi la mbao.

Namwona anavyokwenda. Kitu chenye meno kinachokata, hicho anakielewa. Kazi yangu haina sauti wala haitoi vumbi, basi kwake si kazi. Nimeshindwa hata kumchukia vizuri, kwa sababu ndiye aliyenishika mkono siku tunamzika Baba.

27 Machi. Mvua. Mfamasia amempigia simu kaka, anauliza kama bado tuko ukutani. Kaka ameniletea ujumbe huo huku anatabasamu.

2 Aprili, Jumatano. Mvua kubwa.

Bati limevuja juu ya meza yangu. Nilikuwa nje napokea mbao. Niliporudi mbio nikamkuta kaka amevua koti lake, ameifunika kompyuta, na yeye amesimama juu ya stuli na fulana tu mwilini, anaziba tundu kwa kiganja, maji yanamshuka kwapani.

"Usisimame hapo umeduwaa, lete lami!" akanifokea.

Nikaleta. Ameshinda anapiga chafya. Hakusema neno kuhusu michezo. Inaudhi kugombana na mtu wa namna hii, maana hakupi nafasi ya kukasirika hadi mwisho.

9 Aprili, Jumatano. Mawingu, hakuna mvua.

Mkanda wa msumeno umekatika. Kaka amekwenda kuutafuta, amepotea kutwa. Karakana imekuwa kimya mpaka Domo akashindwa kuvumilia, akaanza kuimba.

Nikakaa kuchora. Nikafungua duka la mfamasia. Nikaingia mlangoni, nikapita kwenye kaunta, nikazunguka rafu, nikafungua droo za dawa moja baada ya nyingine, nikafika stoo, nikarudi. Haikuganda. Nikarudia. Haikuganda. Nikaongeza taa, vioo, chupa juu ya rafu, vitu ambavyo kwa kawaida nisingethubutu. Ilikwenda kama maji kwenye mfereji.

Nikafurahi, kisha nikaogopa. Kitu kikipona bila dawa, kitarudi kuugua.

10 Aprili, Alhamisi. Mvua imerudi.

Kaka bado hajapata mkanda wa saizi yake, na bila msumeno hakuna aliyeniambia nichomoe. Nimefanya jambo ambalo ningelifanya tangu mwezi uliopita kama hasira isingenitangulia mbele. Nimechomoa waya kwa mkono wangu, bila kelele za mtu. Picha ikaganda hapo hapo. Nikachomeka. Ikatembea. Nikachomoa. Ikaganda. Nikachomeka.

Kumbe! Kompyuta ikitegemea betri, inaibana ile kadi ili chaji isiishe haraka. Kadi ninayo siku zote, nzima, inatosha na kubaki. Na mimi kila msumeno unapolia nainuka kwa heshima na taadhima, nainyima chakula, kisha nakaa kuitukana kwamba haina nguvu. Na msumeno wetu unalia siku nzima!

Nilicheka peke yangu mpaka Domo akaja kuchungulia. Halafu damu ikanichemka upya. Kwanza, wale wote walionicheka walikuwa sahihi, kadi mpya siihitaji! Lakini sahihi yao ni ya mtu anayesema itanyesha katikati ya masika. Hakuna aliyejua kwa nini. Pili, hili ndilo linaloniuma: karakana hii ina watu wawili wanaotegemea umeme, na kila siku, tangu niikalie meza hii, anayeinuka ni mmoja. Sheria haikusema "msumeno na kompyuta vipokezane." Imesema msumeno. Nami nikaitii bila hata kuiona, kama mtu anavyoinama kwenye mlango mfupi wa nyumba aliyokulia.

14 Aprili, Jumatatu. Mvua.

Nimemwambia. Ilinibidi nijikaze, maana baada ya kelele zote zile, kusema "sihitaji kadi" ni kumeza mwiba. Nilimkuta chini ya meza ya msumeno, anafunga mkanda mpya, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Kaka, ile kadi siihitaji."

"Mm."

"Tatizo ni kuchomoa. Ikitoka ukutani inapungua nguvu. Ninachohitaji ni umeme usiokatwa. Mwite fundi umeme anivutie laini yangu kutoka kwenye mita, msumeno wako usiifikie."

"Nipe spana ya kumi na tatu."

Nikampa. "Umenisikia?"

"Nimekusikia, mdogo wangu. Nimekuelewa kabisa. Niachie mimi."

Aliisema kwa upole, mpaka nikaona haya kwa yote niliyoandika humu.

19 Aprili. Mvua. Fundi umeme hajaja. "Chomoa!"

24 Aprili, Alhamisi. Mvua imekatika mchana.

Jamani. Jamani, jamani.

Kaka ameingia na boksi kubwa, amelikumbatia kama mtoto mchanga. Akaliweka mezani kwangu, akawaita wote. Nikafungua. Herufi zikawaka kijani, zambarau, nyekundu. Mnyama!

Wakapiga makofi. Domo akapiga mluzi. Kaka amesimama, vumbi kwenye nyusi, uso umemng'aa kama bwana arusi. "Randa itasubiri," akasema. "Usije ukasema kaka yako hakujali."

Ningefanyaje? Mtu amejinyima randa kwa ajili yangu! Nikasema ahsante, na machozi yakanitoka, mbele ya Domo, na kila mtu akadhani ni ya furaha. Nusu yalikuwa ya furaha. Ile nusu nyingine nilitaka kumkamata mabega nimtikise: nilikwambia siihitaji! Nilikwambia kwa Kiswahili, nikiwa nimekushikia spana!

Halafu akaenda kuwasha msumeno. "Chomoa!"

Nikachomoa mnyama. Nikafungua duka la mfamasia. Likatembea kidogo, likaanza kurukaruka, na feni ikalia kama inataka kupaa. Mnyama naye, ukimtoa ukutani, anataka kulala. Huyu mwanamume amenunua kitu cha bei mbaya ili asibadilishe neno lake moja, "chomoa".

25 Aprili. Nimeirudisha ndani ya boksi lake. Domo ameuliza kama nimefiwa.

30 Aprili, Jumatano. Mvua asubuhi, kisha jua.

Mfamasia amekuja. Nilijiandaa tangu mapema. Mezani niliweka kompyuta yangu ya zamani, nikaichomeka ukutani, nikaufunga waya kwenye mguu wa meza kwa kamba ya katani, mafundo mawili. Kaka alipita na ubao begani, hakuona. Ana fremu za milango za mteja mwingine, na mteja huyo anapiga simu kila saa.

Mfamasia akakaa, akaweka mkoba mapajani. "Haya. Tutoke ukutani."

Nikamwingiza mlangoni. Tukapita viti vya wagonjwa, tukafika kaunta. Akaegemea mbele. Mama yule mkavu, nikaona vidole vyake vinacheza kwenye mkoba.

Ndipo msumeno ukanguruma, taa zikafifia, na sauti ikaja juu ya kelele zote: "Chomoa!"

Mikono yangu ilishaanza kuinuka yenyewe. Hiyo ndiyo iliyoniudhi kuliko vyote, mikono yangu mwenyewe. Nikairudisha mezani.

"Chomoa, dada!"

"Sichomoi!"

Ubao ulikuwa umeshaanza kuingia kwenye meno. Kaka akageuka bila kuuachia. "Umesemaje?"

"Nimesema sichomoi! Zima msumeno! Kila siku mimi ndiye nainuka. Leo zima wewe!"

Domo alibaki na brashi hewani, vanishi inadondokea kiatu chake. Nilikuwa nalia, najua, nimeshasema huwa nalia, lakini sauti haikutetemeka. Mfamasia alinitazama, akamtazama kaka, akasema kwa ukavu wake ule ule, "Fundi, mimi nipo dukani kwangu, nakuomba uzime."

Alizima. Msumeno wetu hauzimi mara moja. Unazunguka, unazunguka, unapunguza sauti kidogo kidogo. Kisha taa zikang'aa tena.

Tukaendelea. Kaunta, rafu, droo. Kwenye kona ya faragha alisimama kidogo, akaniambia nirudi nyuma, nikarudi. "Friji ya dawa itakaa hapa," akasema. "Mlango wake utafunguka?" Nikaufungua. Ukagonga ukingo wa kaunta. Akavuta pumzi, nikajua anamkumbuka yule fundi wake wa kwanza. Nikaisogeza kaunta mbele yake, nikaufungua tena mlango, ukafunguka wote.

"Hapo," akasema, na akagusa kioo kwa kidole. "Hapo hapo. Kateni."

Nilipogeuka, kaka alikuwa nyuma yangu. Sijui alisimama kwa muda gani. Mdomo wazi, miwani ya kazi imepanda kwenye paji la uso.

Mfamasia alipoondoka akaisogelea meza, akainama. "Fungua tena ile droo ya chini." Nikaifungua. "Ifunge." Nikaifunga. "Hii si ile mpya."

"Ni ya zamani."

"Mbona haikwami?"

"Kwa sababu haijachomolewa."

Akautazama waya, akayatazama yale mafundo ya katani, akanitazama mimi. Na ndugu yangu, mtoto wa mama yangu, akasema, "Sasa mbona hukuniambia?"

Mbona sikumwambia! Aliyemjibu ni Domo, ambaye sijawahi kumsikia akisema kitu cha maana karakanani humu: "Alikwambia, bosi. Ulikuwa chini ya meza. Mimi nilikuwepo."

Kaka akakaa kwenye stuli yangu.

"Nilisikia kadi," akasema. "Ulisema kadi, kadi, kadi, msimu mzima, nikajua ndiyo unayoitaka. Hilo lingine..." Akapangusa uso, vumbi likazidi kuenea. "Hilo lingine lilikuwa linanihusu mimi. Sikulisikia."

Nilikuwa na maneno mengi, nimeyaweka tangu mwezi wa tatu. Nikamwambia ainuke, hiyo ni stuli yangu, nina vipimo vya kaunta vya kurekebisha.

3 Mei, Jumamosi. Jua. Kaka amemrudisha mnyama dukani, muuzaji akamuuliza kama kijana hakuipenda. Anasema amemjibu, "Si kijana, ni mchoraji wangu." Randa mpya imekuja.

6 Mei. Fundi umeme ametoboa ukuta kutoka kwenye mita mpaka mezani kwangu. Mama alikuja kuangalia, akasema Baba angekasirika. Kaka akamwambia, "Angekasirika, kisha angezoea."

8 Mei, Alhamisi. Msumeno umelia asubuhi nzima. Sikuinuka.